Wati 250 na kura ya 2016

Mwaka 2016 nilipiga kura ya kuamua kama Uingereza ibaki kwenye Umoja wa Ulaya au itoke. Mimi Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na wakati huo sikuwa hata na pasipoti ya nchi hii. Sheria ya kura ile iliwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kupiga kura, ila iliwanyima karibu raia wote wa nchi za Umoja wa Ulaya wenyewe. Kwa hiyo fundi mwenzangu wa baiskeli, Mpoland aliyekuwa hapa Reading, mji ulio magharibi mwa London, miaka mingi kuliko mimi, alibaki karakanani akinyoosha ringi, na mimi niliyetoka pwani ya Afrika Mashariki nikaenda kuamua habari za makazi yake. "Nenda kaniwakilishe," aliniambia, bila kucheka sana. Nikapiga ya kubaki. Reading nayo ikapiga ya kubaki, asilimia 58. Nchi nzima ikasema kutoka, 51.9 kwa 48.1, na mjadala ukaishia hapo, au tulidhani umeishia.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya dada mmoja Mkenya, mhudumu wa wazee majumbani, ambaye kazi yake inampandisha vilima vya Caversham, upande wa pili wa mto hapa Reading, na baiskeli ya umeme. Aliileta karakanani, akaiegemeza kwenye meza ya kazi, akaniuliza kwa ukali wa mtu aliyetoka zamu ya usiku: "Kaka, si hawa watu walitoka Ulaya? Walisema watafuta masheria yote. Mbona hii kitu bado ni wati 250, na bado inakata umeme nikifika kilomita 25?"

Nilimjibu kwa mkato, kulikuwa na foleni. Jibu refu ndilo hili.

Kwanza tujue lawama ni ya nani, maana hapo ndipo hadithi ilipopindishwa. Kanuni za kwanza za baiskeli za umeme za Uingereza ni za mwaka 1983, na zilitungwa London. Zilisema mota isizidi wati 200, msaada wa umeme ukome kwenye maili 15 kwa saa, na baiskeli isizidi kilo 40. Huko bara, Ulaya ikaja na kipimo chake: wati 250, kilomita 25 kwa saa. Kwa miaka mingi wauzaji wa hapa waliishi na utata wa kuuza baiskeli ambazo ni halali Ufaransa na Ujerumani lakini kwa maandishi ya sheria ya nyumbani zimezidi. Aprili 2015 Uingereza ikarekebisha kanuni zake zilingane na za wenzao: wati zikapanda kutoka 200 hadi 250, kasi ikawa maili 15.5, yaani zile kilomita 25, na kikomo cha uzito kikafutwa, ndiyo maana leo tunaona baiskeli za mizigo za umeme zikipita na watoto watatu mbele. Kwa maneno mengine, Ulaya ilimwongezea Mwingereza wati 50.

Sasa ruka hadi 2022. Jacob Rees-Mogg, waziri aliyepewa cheo cha kutafuta fursa za Brexit, yaani za huko kutoka Ulaya, aliwaomba wasomaji wa magazeti wamwandikie kanuni za Ulaya zinazowakera ili azifute. Barua zikamiminika. Akachagua mapendekezo tisa akayachapisha. Humo mlikuwa na kufuta kikomo cha nguvu za mashine za kufyonza vumbi, na mlikuwa na kufuta kikomo cha Ulaya cha nguvu za baiskeli za umeme. Nilisoma nikacheka peke yangu kwenye basi. Mtu alikuwa anadai arudishiwe uhuru ambao, angerudishiwa kama ulivyokuwa, ungekuwa wati 200.

Hata hivyo wazo halikufa. Februari 2024 wizara ya usafiri ilifungua rasmi maoni ya wananchi juu ya mambo mawili. La kwanza, kupandisha mota hadi wati 500. La pili, kuruhusu ekseleta ya mkononi isukume baiskeli hadi maili 15.5 bila kukanyaga pedali na bila kibali maalumu cha aina ya chombo. Karakanani kwetu tuligawanyika. Vijana wa kupeleka chakula walitaka yote mawili jana. Mimi nilitaka la pili kwa ajili ya wazee na watu wenye magoti mabovu, na la kwanza sikulitaka kabisa. Cycling UK, chama kikubwa cha waendesha baiskeli, kilipinga kikisema baiskeli nzito zenye mruko mkali zitawaumiza watembea kwa miguu. Kisha uchaguzi wa Julai 2024 ukaja, serikali ikabadilika, na Januari 2025 waliofuata wakasema hawataendelea nalo. Hivyo nchi iliyotoka ili ijiamulie ilikaa, ikajiamulia, ikachagua pale pale ilipokuwa. Sina ubaya na uamuzi huo. Ila kwa sehemu kubwa watu walikuwa wanagombania namba isiyopima kile walichodhani inapima, na hapa naomba univumilie niingie kidogo kwenye chuma.

Baiskeli ya yule dada ina mota ya habu ya nyuma, yaani iliyokaa katikati ya gurudumu la nyuma. Nilifungua kontrola, kile kiboksi cha aluminiamu kinachogawa umeme kwa mota na kufichwa karibu na betri, nikamwonyesha kibandiko: volti 36, ampea 15. Zidisha. Ni wati 540. Hizo ndizo zinazoweza kuvutwa kutoka kwenye betri kilima kikikaza, na baiskeli ni halali kabisa, na ubavuni mwa mota imeandikwa 250. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa sukari yenye mchanga.

Hakuna wizi hapo. Sheria haipimi kilele, inapima nguvu ya kuendelea: kiasi ambacho mota inaweza kukitoa kwa muda mrefu bila kujichoma, kwa kadiri mtengenezaji alivyoipima na kuitangaza. Mota inayoweza kutoa 400 mfululizo inaweza kutangazwa kuwa ni ya 250. Kwa vipindi vifupi inaweza kuvuta mara mbili au tatu ya hapo. Mota ya milimani ya Bosch, kampuni ya Ujerumani, iitwayo Performance Line CX, kwa miaka kadhaa ilikuwa na kilele cha wati 600, na mwaka 2025 ikaongezewa hadi 750 kwa njia ya programu tu, bila mtu kushika spana. DJI, Wachina wale wa droni, walitoa mota yao ya Avinox mwaka 2024 yenye kilele cha wati 1,000. Zote hizi kwenye karatasi ni wati 250. Hadi Wajerumani wenyewe wameanza kushtuka: chama chao cha tasnia ya baiskeli, ZIV, kilipendekeza mwaka 2025 kwamba kilele kiwekewe ukomo wa wati 750, kwa hofu kwamba mbio hizi zikiendelea, siku moja Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, itaamka na kuzihesabu baiskeli zote za umeme kuwa pikipiki, na hapo ndipo bima, namba na leseni vitaingia.

Kinachoifanya baiskeli ya umeme iwe baiskeli machoni pa sheria, kwa vitendo, ni ile kasi ya kukata umeme. Kilomita 25 kwa saa, basi. Ukitaka zaidi, tumia miguu yako. Anayenunua kifaa cha mtandaoni cha kuidanganya sensa ya gurudumu ili umeme usikate, ajue kwamba amejitengenezea pikipiki isiyo na namba wala bima, na polisi wa hapa wakiikamata hawajali ulikuwa unapeleka nini.

Na kilima je? Tulipiga hesabu nyuma ya bahasha. Yeye, baiskeli na begi la kazi, tuseme kilo 110. Mwinuko wa asilimia 8, mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Kuuinua tu uzito huo kunataka kama wati 240, kabla hujahesabu msuguano wa tairi. Kwa hiyo wati 250 za kweli zikifika chini kwenye gurudumu, pamoja na miguu yake, zinatosha na kubaki. Tatizo ni kwamba hazifiki. Mota ya habu inapenda kuzunguka haraka, na ikizungushwa polepole kilimani umeme mwingi unaishia kuwa joto. Gusa habu ukifika juu, utaelewa. Mota ya katikati, iliyokaa kwenye pedali, inapitisha nguvu zake kwenye mnyororo na giya, kwa hiyo kilimani unashusha giya na mota inaendelea kuzunguka kwa raha. Halafu kuna sensa. Baiskeli yake ina sensa inayojua tu kwamba pedali zinazunguka, haijui anakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Za bei ya juu zinapima msukumo wa mguu na kuongeza umeme kwa uwiano, ndiyo maana ukizipanda unajihisi kijana tena.

Nilimfungia friiwili, yaani giya za gurudumu la nyuma, yenye meno 34 badala ya 28 iliyokuwepo, ili kukanyaga kuwe kwepesi, nikabadilisha mnyororo uliokuwa umechoka, nikajaza upepo kwenye tairi zilizokuwa laini. Mota haifaidiki na giya, lakini miguu yake ilifaidika, mwendo ukapanda kidogo, na mota ikatoka kwenye ile hali ya kukaanga. Bunge halikuhitajika.

Sasa tufanye dhana. Tuseme mwaka ule serikali ingepitisha wati 500. Nani angetengeneza hiyo mota? Bosch wanaunda mota zao Miskolc, Hungaria, kwa soko la watu zaidi ya milioni 400 upande wa Umoja wa Ulaya. Shimano na Yamaha ni Wajapani. Yamaha ndio waliotangulia kuuza kwa wingi baiskeli ya kusaidia pedali, mwaka 1993. Bafang wako Suzhou, China. Hakuna hata mmoja wa hao atakayefungua mstari mwingine wa programu, vipimo na vyeti kwa ajili ya kisiwa cha watu karibu milioni 70 ambao wengi wao bado wanaendesha magari. Ambao wangefaidika ni wauzaji wa vifaa vya kubadilishia, vile vinavyokuja kwenye boksi na tayari vimezidi sheria. Wanasiasa wakigombea namba, kiwanda kinaangalia wanunuzi wengi wako wapi, kisha kinachapa kibandiko.

Kwenye wati, basi, kutoka hakukubadilisha kitu. Kwenye ushuru hadithi ni nyingine, na nitaisema ingawa nilipiga kura ya kubaki.

Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 1993 kuzitoza baiskeli za kawaida kutoka China ushuru wa kuzuia bidhaa kumwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, na haujaacha mpaka leo. Za umeme zikaingizwa Januari 2019, baada ya watengenezaji wa Ulaya kulalamika kwamba Wachina wanauza chini ya thamani na serikali yao inawapa ruzuku. Ushuru huo wa ziada ulikuwa kati ya asilimia 18.8 na 79.3, kutegemea kiwanda, juu ya ule wa kawaida wa asilimia 6. Uingereza ilikuwa bado ndani, ikaupokea. Ilipotoka ikaunakili pamoja na mengine yote, kisha Juni 2021 ikaanzisha mamlaka yake ya kuchunguza mambo hayo, Trade Remedies Authority. Makao yake, kwa taarifa yako, yako hapa hapa Reading, karibu na stesheni. Sijui kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuniletea pancha.

Chukua mfano wa hesabu tu. Baiskeli inafika bandarini na ankara ya pauni 600. Ushuru wa kawaida, pauni 36. Ukiongeza ule wa ziada kwa kiwango cha juu kabisa, unapata pauni 476 nyingine. Juu ya vyote hivyo VAT ya asilimia 20. Bila ushuru wa ziada unaitoa bandarini kwa kama pauni 763. Ukiwepo, pauni 1,334. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa inamfanya muuguzi au mpishi wa hotelini aangalie baiskeli dirishani, apige mahesabu, arudi kwenye kituo cha basi. Ndiyo pia iliyowafanya wenye mitaji wahamishie oda zao Taiwan na Vietnam, kwa hiyo si kila baiskeli iliumia sawasawa.

Mamlaka ile ilichunguza ikauliza swali ambalo Brussels haikuwa na sababu ya kuliuliza kwa niaba yetu: je, Uingereza yenyewe ina kiwanda gani cha kulinda? Jibu linauma kidogo kwa mtu aliyekulia kwenye kiti cha nyuma cha Raleigh ya babu. Kule kwetu Raleigh ilikuwa mali ya kuandikwa kwenye wosia. Lakini kiwanda cha Nottingham, hapa Uingereza, kiliacha kutengeneza Raleigh mwaka 2002, na jina lenyewe likanunuliwa na Waholanzi wa Accell mwaka 2012. Kilichobaki chenye uzito ni Brompton, wale wa baiskeli za kukunja, kiwanda chao kiko Greenford, magharibi mwa London. Februari 2025 serikali ikakubali pendekezo: ushuru wa ziada kwa baiskeli za umeme za China zisizokunjwa ukafutwa, wa zile za kukunja ukabaki hadi 2029. Wiki chache kabla ya hapo, Januari 2025, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeongeza ushuru wake miaka mingine mitano kwa zote. Hapo njia ziligawanyika kweli.

Hii ndiyo faida ya Brexit ninayoweza kuishika kwa mikono miwili. Sheria iliyokuwa inalinda viwanda vya Ureno, Ujerumani na Hungaria kwa pesa ya mnunuzi wa Reading imeondoka, na isingeondoka tukiwa ndani. Waliokuwa wakiunganisha baiskeli zisizokunjwa humu nchini kwa idadi ndogo, wakipumulia ushuru ule, wameachwa juani, na sioni mtu aliyewapa neno. Wala usidhani bei zilianguka kesho yake. Waagizaji walikuwa na maghala yaliyojaa mzigo walioulipia ushuru wa zamani, na hakuna mfanyabiashara anayeharakisha kukurudishia kile ulichozoea kulipa.

Wasiwasi wangu ni betri. Bei ikishuka sana, kitu cha kwanza kupunjwa ni seli na kile kibao cha elektroniki kinachozilinda zisichajiwe kupita kiasi. Kikosi cha zimamoto cha London kilisema mwaka 2023 kwamba kilikuwa kinaitwa kwenye moto wa baiskeli au skuta za umeme kwa wastani mara moja kila siku mbili. Mara nyingi chanzo ni kifaa cha kubadilishia na chaja isiyo yake. Pakiti ya volti 36 ikijaa inafika volti 42. Ukiichomeka kwenye chaja ya pakiti ya volti 48, ambayo inasukuma hadi 54.6, huku kibao cha ulinzi ni cha bei poa, umeweka bomu kwenye korido. Ndiyo maana nawakatalia wateja wengine huku tunasalimiana vizuri.

Upande mwingine wa kitabu ni karatasi, na hapo tumepoteza. Mkataba wa biashara uliofikiwa tarehe 24 Desemba 2020 ulitangazwa kwa shangwe kuwa ni wa ushuru sifuri. Ni sifuri kwa kitu chenye uasili wa huku au wa kule. Baiskeli iliyoundwa Vietnam, ikashushwa Rotterdam, ikalipiwa ushuru pale, kisha ikauzwa kwangu, si ya Uholanzi kwa macho ya forodha. Inalipiwa tena Uingereza, isipokuwa kama mwagizaji alikuwa na akili ya kuiweka kwenye ghala la forodha kabla haijalipiwa mara ya kwanza. Sisi wa Afrika Mashariki hili hatuhitaji kuelezwa. Jumuiya ya kwanza ilitufia mikononi mwaka 1977, Tanzania ikajitoa COMESA mwaka 2000, na mtu yeyote aliyewahi kupitisha mzigo Horohoro, mpakani na Kenya, anajua kwamba mpaka ukishaota karatasi, kuzing'oa ni kazi.

Wadogo ndio waliokimbia mapema. Kuna duka la vipuri vya baiskeli la Uholanzi, Dutch Bike Bits, ambalo mwishoni mwa 2020 lilitangaza kwamba litaendelea kutuma mizigo kila nchi duniani isipokuwa Uingereza. Sababu ilikuwa kanuni mpya ya kumtaka muuzaji wa nje ajisajili VAT ya Uingereza na kuikusanya yeye mwenyewe kwa vifurushi visivyozidi pauni 135. Kwa mtu anayeuza taa na vibebeo vya nyuma, haikulipa. Mpoland wangu, aliyerudi kwao mwaka 2019, ananitumia picha za bei anazolipia vipuri vilevile, pamoja na emoji ninazoziruka.

Betri ndizo mzigo mbaya kuliko yote. Betri ya lithiamu inayosafiri peke yake ina namba yake ya mizigo ya hatari, UN 3480. Ikiwa ndani ya baiskeli au imefungwa pamoja nayo, inapewa namba nyingine. Hata kabla ya Brexit wasafirishaji wengi walikuwa wanazikimbia. Ongeza tamko la forodha juu ya tamko la hatari, na mteja aliyezoea kungoja siku chache sasa anangoja hadi ananitukana. Kuna mwagizaji mmoja aliyenikalisha na pakiti ya mteja iliyokwama forodhani kwa sababu mtu aliandika msimbo wa baiskeli badala ya wa betri.

Belfast nako kuna hesabu zake. Ireland Kaskazini ilibaki ikifuata kanuni nyingi za Ulaya kuhusu bidhaa, hata baada ya makubaliano ya Windsor ya 2023 kati ya London na Brussels, kwa hiyo punguzo la ushuru ninaloliimba hapa si la kuchukuliwa hivihivi kule. Na ni kule kule ambako hadi Mei 2020 baiskeli ya umeme ya wati 250 ilihesabiwa kama pikipiki ndogo: namba, bima, leseni. Nchi moja, Umoja wa Ulaya huohuo kwa wote wakati ule, na bado sheria mbili. Anayekuambia kila kero ilitoka Brussels hajawahi kuendesha baiskeli Belfast.

Kitu ninachokisubiri kwa hamu sasa kinatoka upande tuliouacha. Umoja wa Ulaya una kanuni ya betri ya mwaka 2023. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri ya baiskeli ya umeme inayouzwa huko lazima iweze kutolewa na kubadilishwa na fundi wa kujitegemea, na programu haitaruhusiwa kutumika kuzuia betri nyingine inayoendana nayo. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni kubwa. Leo kuna baiskeli nzuri kabisa zinazokufa kwa sababu betri imezeeka, na mota inakataa kuzungumza na betri yoyote isiyotoka kwenye kiwanda chake. Wateja wa VanMoof, kampuni ya Uholanzi ya baiskeli za umeme, walilionja hilo kwa namna yake kampuni ilipofilisika Julai 2023 na wao wakaanza kuhangaika kuokoa funguo za kidijitali za baiskeli zao kutoka kwenye programu ya simu. Uingereza yenyewe Julai 2025 ilipitisha sheria inayowapa mawaziri uwezo wa kufuata au kuacha kanuni za bidhaa za Ulaya, moja baada ya nyingine, na wapinzani bungeni wakapiga kelele kwamba huko ni kurudi Ulaya kwa mlango wa uani. Wapige. Bosch hatatengeneza betri moja ya kufunguka kwa ajili ya Lyon na nyingine ya kugoma kwa ajili ya Reading.

Kwa hiyo mwagizaji akija na katalogi yake ya mwaka ujao, simuulizi wati. Namuuliza kama betri inafunguka, na kama programu itakubali betri ya mwingine. Wa mwisho kuja alisema hilo swali hajawahi kuulizwa, akaliandika kwenye simu, akasema ataliuliza Taiwan.